Mbuzi Tuliyempeleka Hekaluni Makindu

Sauti ninayoikumbuka ni ya sahani. Sahani nyingi za chuma, zilizopangwa kama mnara, zilimponyoka mtu zikamwagika juu ya sakafu ya simiti. Zote zikanyamaza isipokuwa moja, ambayo iliendelea kuzunguka peke yake, inataka kulala na haitaki. Hata sasa mtu akigusa sufuria jikoni, sahani ile huanza tena kuzunguka kichwani mwangu.

Nyinyi rafiki zangu mliniuliza nilipotelea wapi, na kwa nini Ayeyo siku hizi akimwona Kalasinga barabarani humsimamisha amsalimu, mpaka magari ya nyuma yapige honi. Basi nimekaa nikaandika. Habari za vibali na mihuri nimeziruka. Hizo mnazijua, na hazichekeshi.

Eldas hadi Wajir

Ayeyo ni bibi kwa Kisomali, na huyu wangu ndiye aliyenilea mimi na kaka yangu Yusuf. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba Garissa, nafasi ya sekondari haikupatikana, nikapelekwa kwake Eldas kuchunga. Sikuhuzunika. Nilikuwa na mpango wa kuwa mtangazaji wa redio, na mbuzi ni wasikilizaji wazuri. Kila asubuhi niliwasomea taarifa ya habari. Mmoja alinisikiliza kuliko wote: beberu aliyehasiwa, mweupe, mnene, ndevu mpaka kifuani. Tulimwita Disii, kama mkuu wa wilaya, kwa sababu ya kitambi chake, na ile tabia ya kusimama kando akitazama wengine wakihangaika.

Yusuf alikuwa taniboi, yaani utingo, wa lori la ngozi, njia ya Mombasa. Mvua zilikuja zikaisha, hatukusikia neno lake. Halafu mfanyabiashara mmoja akatuletea salamu kutoka kwa Fundi Bachan, Kalasinga mwenye gereji Garissa na lori la kuleta sukari Wajir: lori la Yusuf lilipinduka karibu na Makindu, kijana amevunjika mguu, wamemlaza kwenye hekalu la Makalasinga, anaendelea vizuri.

Mimi nilifurahi. Ayeyo akakaa chini.

Lazima mwelewe hali ya wakati ule wa vita vya shifta. Habari ya msiba haikuletwa nzima. Leo unaambiwa ameumia kidogo. Kesho amezidiwa. Kesho kutwa watu wanaingia na mikeka. Ayeyo alikuwa amepokea habari za namna hiyo za watoto wake wawili, na zote zilianza na "anaendelea vizuri".

"Nitamwona kwa macho yangu," alisema. "Akiwa amekufa, nitajua kaburi lake. Akiwa hai, nitamrudisha nyumbani." Kisha akamshika Disii ndevu na kuweka nadhiri mbele ya majirani: Yusuf akiwa mzima, mbuzi huyu atachinjwa kulekule, na waliomlisha mjukuu wake watakula mpaka washibe.

Disii alinitazama. Nikaangalia pembeni, maana sikuwa na taarifa ya kumpa.

Tulitembea hadi Wajir pamoja na ngamia wa majirani. Disii alikataa kutembea nyuma ya ngamia, akatangulia.

Wajir hadi Garissa

Fundi Bachan alitusubiri karibu na visima, kilemba chake cha buluu kikionekana toka mbali. Alikuwa mtu mkubwa mwenye mikono ya grisi na ndevu zilizofungwa kwa wavu. Ayeyo hakumsalimu kwanza.

"Kalasinga," alisema kwa Kiswahili chake, "kijana yangu iko hai?"

"Iko, mama. Mguu tu navunjika."

"Sema kweli. Mimi iko mzee, naweza kubokea."

"Kweli mama. Nakula, nacheka, nasumbua watu."

"Umeona kwa macho?"

Fundi akajikuna. Hakuwa amemwona. Aliambiwa na dereva mwenzake. Ayeyo akanigeukia na kusema kwa Kisomali, "Unaona? Ndivyo wanavyoanza."

Tuliondoka kwa msafara, malori mbele, askari jeshi nyuma na katikati. Ndani ya lori tulikuwa na magunia matupu, chupa ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, kopo la nyirinyiri, nyama iliyokaangwa na kuhifadhiwa kwa samli, ambalo Ayeyo alilikalia, na Disii, ambaye Fundi alitaka afungwe nyuma kabisa.

"Hii mgeni," Ayeyo alimwambia. "Nakaa na sisi."

Kati ya Wajir na Garissa, mahali ambapo pana vichaka pande zote, mlipuko ukalia. Sikumbuki kuruka. Nakumbuka tu nikiwa kifudifudi chini ya lori, mchanga mdomoni. Kando yangu Ayeyo ananisukuma kichwa kiende chini zaidi, na upande wa pili askari kijana, mdogo kuliko Yusuf, anasali kwa lugha yake. Wote tulikuwa tumelala. Fundi alikuwa amelala juu ya kilemba chake.

Baadaye ikasikika sauti ya kutafuna. Disii alikuwa amesimama katikati ya barabara anakula tawi la mgunga. Nyuma yake gurudumu la lori lilikuwa linapumua pumzi zake za mwisho.

"Pancha," Fundi alisema kutoka ardhini.

Askari yule akajipangusa na kunitazama. "Usimwambie mtu," akasema.

"Na wewe usimwambie mtu," nikamjibu. Akatugawia biskuti za jeshi. Ni ngumu sana. Disii peke yake aliziweza.

Garissa

Shangazi yetu wa Galbet alitupokea kwa anjera, ile mikate laini ya Kisomali, na chai ya tangawizi. Kisha akauliza mbuzi ni wa nini. Ayeyo alipomweleza, shangazi akaweka kikombe chini.

"Unawapelekea Makalasinga mbuzi? Hekaluni?"

"Ndio."

"Wanakula nyama?"

"Nani hali nyama?" Ayeyo aliuliza, na kweli hakujua. Kwetu mtu asiyekula nyama ni mgonjwa, na huyo hupewa supu.

Tulingoja pale siku nyingi msafara mwingine upatikane. Saa za kafyu zikifika, Disii ilibidi aingizwe chumbani. Alikula kamba, akala nusu ya mkeka, na asubuhi moja tulimkuta anatafuna pindo la pazia akiwa ametoa kichwa dirishani, kama mpangaji. Ayeyo hakumgombeza. Nilimsikia akimwambia polepole, "Vumilia. Ukifika utamkuta." Sijui alikuwa anaongea na mbuzi au na nafsi yake.

Garissa hadi Makindu

Tulivuka Tana asubuhi kwa lori la Fundi Bachan, tukashika njia ya Mwingi na Kitui. Kwenye kizuizi cha kwanza askari aliuliza nani yumo nyuma ya lori. Ayeyo akajibu kwa sauti ya mtu asiye na cha kuficha: "Mimi, msichana, na Disii."

Askari alivaa kofia vizuri kabla ya kuchungulia. Disii akachungulia pia. Walitazamana kwa muda. Tukaambiwa tupite, lakini kwa uso uliotukataza kucheka, na tulijizuia mpaka kona ya tatu.

Mbele ya Kitui radieta ilichemka, tukakaa kwenye kivuli cha lori kungoja ipoe. Hapo ndipo Ayeyo alipoanza kumhoji Fundi: hili hekalu ni la nini, na kwa nini wamlaze Mwislamu?

Fundi alieleza huku akifuta plagi. Babu yake aliletwa kujenga reli, alikuwa mhunzi. Kambi kubwa ya mafundi ilikuwa Makindu, msituni, simba wakiwazunguka. Jioni kazi ikiisha walikusanyika chini ya mti kuimba sifa za Mungu, na wenzao Wahindu na Waislamu wa kambi ileile walikaa nao. Baadaye wakajenga nyumba ya mbao na mabati kwa ajili ya Kitabu chao, halafu ya mawe. Reli ilisonga mbele, wafanyakazi wakahamishwa, kambi ikabaki magofu. Lakini jiko la hekalu halikuzimwa. Msafiri yeyote, wa dini yoyote, anakaa sakafuni na wengine na kula. Hakuna anayekaa juu, hakuna anayekaa chini, na hakuna anayelipa.

"Hata tajiri anakaa chini?" Ayeyo aliuliza.

"Hata mfalme, mama. Zamani mfalme nakuja ona Guru, naambiwa kaa kwanza, kula na watu."

Ayeyo akanywa maziwa yake. "Baba yangu alipeleka mbuzi kwenye reli hiyo," alisema. "Mimi mtoto. Alisema watu wa filemba walinunua, wakala."

"Nje walikula, mama. Ndani ya hekalu hapana nyama. Ndani dengu na chapati."

Ayeyo aliniangalia ili nimfasirie upya, akidhani Kiswahili cha Fundi kimeharibika. Nikamfasiria. Akamtazama Disii, akatazama kopo la nyirinyiri alilolikalia, akasema, "Twende kwanza. Nione kama kuna mtu wa kumchinjia."

 Toka hapo hadi Kibwezi alikuwa anavuta tasbihi.

Ndani ya hekalu

Tulifika kesho yake mchana. Hekalu ni jengo jeupe kando ya reli, safi mpaka unaogopa kukanyaga. Fundi alitufunza mlangoni: viatu nje, miguu ioshwe, vichwa vifunikwe. Ayeyo alifurahi, kwa kuwa yeye na mimi tulikuwa tumekwisha kujifunika toka tulipozaliwa. Kopo la nyirinyiri nilirudishwa nalo kwenye lori, nikamfungia Disii penye tairi.

"Yusuf iko wapi?" Ayeyo aliuliza.

"Nyuma, barazani. Napita hapa kwanza, nasalimu Kitabu."

Tukaingia ukumbini. Palikuwa kimya, pana baridi tamu. Mbele, chini ya kitambaa kilichotandazwa juu kama hema, palikuwa na kitanda kidogo. Juu ya kitanda kitu kimelazwa, kimefunikwa vitambaa vizuri vya hariri. Mzee mwenye ndevu nyeupe amekaa kando yake, ameinamisha macho, anapunga usinga taratibu juu ya kile kilichofunikwa, kama mtu anayefukuza nzi.

Vidole vya Ayeyo viliniingia mkononi. Nami niliona alichokiona. Hekalu lote lilitoweka, nikabaki na kitanda, sanda na mzee anayefukuza nzi.

"Innaa lillaahi," Ayeyo alinong'ona. "Wamemfunga sandani akawa mdogo hivi."

Wakati huohuo, jikoni nyuma ya ukuta, mtu akaangusha sahani.

Mnajua tulichofanya. Watu wa kwetu wakisikia mlio kama ule hawafikiri. Tulikwenda chini wote wawili, paji la uso sakafuni, mikono mbele, Ayeyo ananisukuma kichwa kiende chini zaidi. Sahani ile moja ikazunguka, ikazunguka, ikalala. Tukangoja risasi ya pili. Haikuja.

Nilipoinua jicho nikamwona Fundi Bachan kando yetu, naye ameinama, paji lake sakafuni. Ndivyo wanavyokisalimu Kitabu chao. Mzee wa usinga ametutazama na macho yake yamejaa machozi. Wanawake wawili wa Kihindi ukutani wamekunja mikono kifuani kwa heshima. Hawajaona wageni wakiinama kwa moyo kiasi kile.

Ndipo sauti ikatoka mlango wa nyuma. "Ayeyo? Mbona mnasujudu?"

Yusuf. Kwenye gongo, mguu umefungwa plasta, kichwani kitambaa cha rangi ya machungwa, mashavu yamenenepa.

Ayeyo hakuinuka. Alibaki palepale alipokuwa, akalia kwa shukrani, na sasa hakuna aliyeweza kumwambia ni mbele ya nani anaweka uso wake. Nami nililia. Halafu Yusuf akaanza kucheka, na Ayeyo akamtupia tasbihi.

"Nilikuwa nalalia risasi," aliwaambia watu wote kwa Kiswahili, akinyoosha kidole. "Sikia. Risasi. Sio kusujudu."

"Sawa mama," alisema mzee wa usinga, ambaye wote walimwita Babaji. "Mungu iko moja. Yeye najua."

Akatuwekea haluwa ya moto kwenye viganja vyetu viwili vilivyounganishwa, maana haipokelewi kwa mkono mmoja. Ayeyo aliinusa, akaila, akalamba kidole. "Hii ni haluwa," akanijulisha, kama vile mimi sikuwa nayo mdomoni.

Kisha akataka kujua yule aliyefunikwa ni nani. Fundi akamweleza kwamba si mtu, ni Kitabu, na kwao Kitabu ndicho mwalimu aliye hai. Hupungiwa usinga kama wafalme walivyopungiwa. Jioni hupelekwa chumbani kwake kulala, alfajiri huamshwa.

Ayeyo alifikiri. "Wanakitandikia?"

"Nakitandikia, mama."

Akanigeukia. "Na wewe ulifungia mandazi kwa karatasi ya nini? Ya daftari la shule."

Ng'ambo ya reli

Tulikula safu moja na madereva, mama wa Kikamba aliyekuwa anangojea treni, na Mhindi mwenye saa ya dhahabu. Wote sakafuni. Aliyetugawia chapati alikuwa Mzee Mutua, mpishi Mkamba wa siku nyingi pale. Alituambia kwamba zamani wazee wake walimwona mtu wa mavazi meupe juu ya farasi mahali pale, kabla ya jengo, na ndiyo maana hekalu lipo hapo na si pengine.

"Farasi alikula nini?" Ayeyo aliuliza. "Nimeitazama nchi hii. Hapana majani."

Mzee Mutua alikiri kwamba hilo hakuna aliyewahi kumwuliza.

Baada ya chai Ayeyo akasimama mbele ya Babaji na kudai nadhiri yake. Alitaka kuonyeshwa mahali pa kuchinjia. Fundi alifasiri kwa Kipunjabi, na nikaona uso wa Babaji ukibadilika kwa huruma, kama mtu anayeombwa maji na ndoo imetoboka.

"Hapa hapana chinja, mama. Wewe kula, furahi, rudi nyumbani. Basi."

"Mtu analisha kijana yangu miezi, mimi nakula, nafuta mdomo, naenda?" Ayeyo aliuliza. "Mimi fisi?"

"Hapana taka kitu, mama."

"Mimi ndio nataka."

Sasa tulikuwa mahali pabaya. Kibali cha Fundi kilimtaka aondoke asubuhi, na Yusuf bila lori lile hakuwa na njia ya kurudi kwetu isiyopita korokoroni. Na Ayeyo alikuwa ameketi kwenye ngazi za hekalu, mikono magotini. "Niliahidi kwa jina la Mungu ili awe hai," aliniambia. "Yuko hai. Nikiondoka sijatimiza, nitakaa Eldas nikimtazama kila siku kama kitu nilichoiba." Yusuf alimbembeleza, nami nikambembeleza. Fundi akaenda kupima mafuta ya injini ambayo alikuwa amekwisha kuyapima.

Ni Yusuf aliyeuliza, "Ayeyo, ulisema maneno gani hasa?"

"Waliokulisha."

"Basi si Babaji. Babaji aliniombea. Aliyenilisha, wakati mikono yangu yote miwili bado imefungwa bandeji kwa michubuko, aliyenitia kijiko mdomoni, ni Mzee Mutua."

Ayeyo akaangalia jikoni. Mzee Mutua alikuwa anakusanya sahani, zilezile.

"Wewe," Ayeyo alimwita. "Nyumbani kwako nakula nyama?"

Mzee Mutua akaziweka sahani chini kwa uangalifu mkubwa. "Mama," alisema, "nikiipata."

Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya reli. Mwalimu wa msikiti wa pale alikuja na kisu, akasoma jina la Mungu. Mimi nilikuwa nimekwenda mapema kumpa Disii taarifa ya mwisho. Nilimwambia kwamba hali ya hewa ni nzuri na Yusuf amepatikana mzima. Sikukaa kuona.

Jioni watoto wa Mzee Mutua na majirani wote walikula mpaka wakawa wanacheka bila sababu. Fundi Bachan alikaa kando na chapati mbili na dengu.

"Wewe hata nje hapana kula?" Ayeyo alimwuliza.

"Nyama nakula, mama. Lakini hii ya kusomewa dua, sisi hapana ruhusiwa."

"Na yenu isiyosomewa, sisi haramu."

Wakatazamana, na kwa mara ya kwanza nikamwona Ayeyo akimcheka Kalasinga, na Kalasinga akimcheka Ayeyo. "Basi kula dengu yako, walaal," alisema, yaani ndugu yangu, akamsogezea pilipili. Mimi pia nilikula dengu. Nilisema nimeshiba nyama.

Alfajiri nilipoamka Ayeyo hakuwepo. Nilimkuta jikoni hekaluni kati ya wale wanawake wa Kihindi, unga mpaka kwenye nyusi, anasukuma chapati. Hakuna hata moja iliyokuwa duara. Babaji, aliyekuwa amekwisha kukiamsha Kitabu chake, alichukua ile iliyopinda kuliko zote, akaila yote mbele yake.

Kurudi

Njia ya kurudi ilikuwa fupi, kama kawaida. Yusuf aliketi pale alipokuwa Disii. Kwenye kizuizi askari yuleyule alichungulia, akauliza, "Yule mwingine yuko wapi?" Ayeyo akamwambia amehamishwa Makindu.

Mlipuko mmoja ulisikika mbali tulipokaribia Garissa. Lori zima tulilala, Yusuf na plasta yake, na Fundi akaendesha kichwa kikiwa usawa wa usukani.

Sasa Yusuf anatembea bila gongo. Ayeyo alikaa nasi Garissa kwa muda, sasa amerudi Eldas. Mimi niko Galbet kwa shangazi. Juzi mchana shangazi alikwenda sokoni, Yusuf yuko gerejini kwa Fundi, nyumba tupu. Nilikuwa naosha vyombo. Nikachukua sahani moja ya chuma, nikafunga mlango. Nikaiinua mpaka usawa wa kichwa, nikaiachia.

Ilipiga kelele. Magoti yalitaka kukunjika, nikayakatalia. Nikasimama katikati ya chumba kama Disii barabarani, nikaitazama ikizunguka, mpaka ikalala yenyewe.